Je, nikariri majedwali yote ya vitenzi vya Kiitaliano?

*"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja huku Watamu, na Kiitaliano nimekiokota kwa wageni, huu mwaka wa nne. Naelewa mengi na wao wananielewa, lakini sasa nataka kufanya mtihani wa B1, kiwango cha kati cha lugha. Nimenunua kitabu cha vitenzi: kila kitenzi kina ukurasa mzima wa visanduku vyenye majina kama congiuntivo trapassato. Nimekariri parlare (kuzungumza) na mangiare (kula) kwa wiki tatu, lakini nikisimama mbele ya mgeni yote yanayeyuka. Mwenzangu mmoja kazini anasema congiuntivo imekufa, hata Waitaliano wenyewe hawaitumii. Mwingine anasema passato prossimo ni -me- yetu tu, basi. Juzi niliandika 'se avrei tempo', mgeni akanisahihisha na sikuelewa kosa liko wapi. Na kwa nini ni 'ho mangiato' lakini 'sono andata'? Nina miezi minane. Nianzie wapi, au akili yangu haikuumbwa kwa sarufi?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuumiza. Wewe husema "sijamwona" mara kumi kwa siku. Ndani ya neno hilo moja umeweka ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na mzizi, na hukosei hata silabi. Mtu anayefanya hivyo bila kufikiri hawezi kuambiwa akili yake haikuumbwa kwa sarufi. Tatizo liko kwenye kitabu. Kitabu cha namna hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya kuhakiki, kama kamusi, na wewe umekifanya njia ya kujifunzia.

Tuhesabu kwanza, maana hesabu hupunguza hofu. Kitenzi cha Kiitaliano kina hali saba. Nne huchukua nafsi: indicativo (ya habari), congiuntivo (ya kutaka na kudhani), condizionale (ya -nge-) na imperativo (ya amri). Tatu hazichukui: infinito, participio na gerundio. Ukizigawa kwa nyakati zake unapata maumbo 21, na yale yenye nafsi yakizidishwa kwa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao, ukurasa wako unajaa maneno yapatayo 95. Lakini kati ya hayo maumbo 21, tisa ni ya kuunga tu: unachukua avere (kuwa na) au essere (kuwa) katika wakati unaofaa, unatia mangiato au andata baada yake, kazi imekwisha. Congiuntivo trapassato iliyokutisha ni "avessi mangiato", si zaidi. Ukizijua avere na essere barabara, hayo tisa umeyapata kwa kila kitenzi cha lugha nzima. Na kwa B1, mzigo wako halisi ni presente (wakati uliopo), passato prossimo (uliopita), imperfetto (uliokuwa ukiendelea), futuro (ujao), condizionale, imperativo na congiuntivo presente. Hayo ni saba.

Sasa nikueleze kwa nini yanayeyuka. Kitenzi cha Kiswahili ni kama shanga zilizotungwa: ni-li-som-a. Kila ushanga una kazi yake, na kazi kubwa iko mwanzoni. Ukinisikia nasema "nili..." tayari unajua ni mimi na ni jana, hata kabla sijafika kwenye kusoma. Kiitaliano huanza na mzizi, na habari zote nyingine, yaani nani, lini na kwa hali gani, hubanwa pamoja kwenye mkia: parl-o, parl-avo, parl-erò, parl-erei. Sikio lako limezoea kutafuta habari mwanzoni. Mkia unapopita, wewe umeshatulia. Ndiyo maana majedwali hayashiki: unakariri kwa macho kitu ambacho sikio halijajifunza kukisubiri.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vilivyoandikiwa Wazungu havikugusii kabisa, na kwetu ndilo lenye madhara makubwa. Ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo mdomo wako unataka kufanya vivyo hivyo kwa Kiitaliano. Nitaandika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa. PARlo, PARla, parLIAmo, parLAte: hapa mazoea yako yanakusaidia, unasema sawasawa. Lakini "wanazungumza" ni PARlano, mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho, na wengi wetu husema parLAno. "Wanachukua" ni PRENdono. "Wanapiga simu" ni teLEfonano, mkazo silabi ya nne kutoka mwisho! Kisha kuna parlò, mkazo mwisho kabisa: "alizungumza". Ukisema PARlo umesema "nazungumza". Herufi ni zilezile, mtu na wakati vimebadilika kwa mkazo peke yake.

Na mkazo huohuo ndio unaoeleza sehemu kubwa ya vitenzi unavyoambiwa ni vya vurugu. Katika presente, nafsi nne (io, tu, lui, loro, yaani mimi, wewe, yeye, wao) zina mkazo kwenye mzizi. Mbili (noi, voi, yaani sisi, ninyi) zina mkazo kwenye mkia. Mzizi ukibeba mkazo hubadilika sura, usipoubeba hubaki vile ulivyo katika infinito. Tazama kutoka nje, uscire: esco, esci, esce, kisha usciamo, uscite, kisha tena escono. Tazama devo na dovete. Tazama finisco, finisci, finisce, lakini finiamo, finite, halafu finiscono. Hata vado na andiamo, ambavyo kwa asili ni vitenzi viwili tofauti vilivyounganishwa, vimegawana nafsi kwa mpaka huohuo. Kwa hiyo usikariri sita. Kariri mbili, ya io na ya noi, kisha nyingine zifuate. Kwa vitenzi vingi ya loro inatoka kwenye ya io: vengo, vengono, dico, dicono, rimango, rimangono. Vichache kama ho na hanno, so na sanno, vado na vanno vina njia yao, navyo utavizoea haraka kwa sababu huwezi kumaliza saa moja kazini bila kuvitumia.

Nije kwa -me-. Mwenzako amekosea, na kosa hili naliona kila mahali kuanzia Malindi hadi Kiwengwa. Passato prossimo hubeba -me- na -li- kwa pamoja: "ho mangiato" ni nimekula, na pia ni nilikula jana. Hilo ni rahisi. Hatari iko kwingine. Kiswahili hutumia -me- kwa hali ambayo mtu yumo sasa hivi: amelala, amesimama, amekaa, nimechoka. Kiitaliano hapo hutaka presente. Mke wa mgeni akipiga simu mapokezi kumuulizia mumewe, nawe ukitaka kumwambia "amelala", ukasema "ha dormito", yeye atasikia kwamba mumewe alilala na sasa ameamka. Atakuambia umwite. Ulipaswa kusema "dorme". Vivyo hivyo "nimechoka" ni "sono stanca", na "amesimama nje" ni "è in piedi fuori". Kabla ya kugeuza -me- jiulize: tendo limepita, au mtu bado yumo ndani yake? Likiwa limepita, ha dormito. Akiwa bado yumo, dorme.

Imperfetto nayo ni ndugu wa "nilikuwa nina..." na "nilikuwa niki...". "Nikiwa mtoto nilikuwa nikienda baharini kila siku" ni "da bambina andavo al mare ogni giorno". "Jana nilikwenda baharini" ni "ieri sono andata al mare". Na zote mbili katika sentensi moja: "nilikuwa nimelala alipopiga simu", yaani "dormivo quando ha telefonato". Imperfetto ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Ukiondoa ero ya essere na vitenzi vichache kama facevo, dicevo na bevevo, kila kitenzi kinatii. Ianze mapema, itakupa moyo.

"Ho mangiato" lakini "sono andata": uliza kwanza kama kitenzi kinaweza kuchukua kitu cha kutendwa. Kula wali, kusoma barua, kufungua mlango: vyote avere. Kisha vitenzi vya mtu kuhama mahali au kugeuka hali, visivyochukua kitu, huenda kwa essere: andare, venire, arrivare, partire, uscire, tornare, nascere, morire, diventare. Rimanere na stare pia, ingawa mtu hahami. Na vile vyenye -ji- ya Kiitaliano, yaani mi, ti, si, vyote essere bila ubishi: mi sono lavata, nimeoga. Kanuni hii ina matundu, sitakuficha. Camminare, viaggiare na nuotare ni mwendo, lakini huchukua avere, kwa sababu vinataja shughuli yenyewe na si safari ya kutoka hapa kufika pale. Vichache hivyo vishike kimoja kimoja.

Unapotumia essere, neno la pili linapatana na mtenda. Wewe ni mwanamke, basi sono andata. Kaka yako angesema sono andato. Wanafunzi wa lugha nyingine hulalamikia jambo hili sana. Sisi tuna ngeli, hatuna sababu ya kulalamika. Begi limefika, mabegi yamefika: la valigia è arrivata, le valigie sono arrivate. Ni upatanisho tu, na Kiitaliano kina namna nne za mwisho, -o, -a, -i, -e, wewe uliyekulia kwenye li-, ya-, ki-, vi-, u- na i-.

Congiuntivo haikufa. Ni kweli utasikia Mtaliano akisema "penso che è tardi" akiwa na rafiki zake. Lakini barua kwa mgeni, mtihani, na mazungumzo ya heshima bado vinaitaka. Na wewe tayari unayo nusu yake. Sema "nataka kuja", kisha sema "nataka uje". Umebadilisha nini? Irabu ya mwisho, a ikawa e, kwa sababu sasa anayetaka ni mmoja na anayetakiwa ni mwingine. Kiitaliano hufanya hivyohivyo: "voglio venire", lakini "voglio che tu venga". Vitenzi vya -are hugeuza mkia kuwa i (parla, parli), vya -ere na -ire huugeuza kuwa a (prende, prenda, dorme, dorma). Popote unapoweka -e kwa mtu mwingine baada ya nataka, lazima, afadhali au ili, weka congiuntivo bila woga. Nusu ya pili ndiyo mpya kwako: dhana na shaka. Sisi tunasema "nadhani amefika" kama habari ya kawaida, wao husema "penso che sia arrivato". Hapo Kiswahili hakitakusaidia. Itabidi masikio yako yazoee penso che, credo che, mi sembra che, na kila ukizitamka uwe umejiandaa kwa sia au abbia.

Nitakaa kidogo hapa kwa ajili ya kazi yako. Waitaliano wako pwani yetu tangu miaka ya 1960, mradi wao wa anga za juu ulipoanza Ngomeni, na mwaka 1967 setilaiti yao ya kwanza kutoka huko ikarushwa. Tangu hapo watu wetu wamekiokota Kiitaliano kwa masikio, na kinachookotwa ni lugha ya marafiki: vieni, aspetta, guarda, firma qui (njoo, subiri, tazama, saini hapa). Hiyo ni "tu" ya Kiitaliano, yaani "wewe" ya kirafiki. Kumwambia mzee wa miaka sabini "firma qui" ni sawa na kijana kumwambia babu "kaa hapo" bila shikamoo. Atavumilia, kwa kuwa yuko likizo, lakini ameliona. Heshima ya Kiitaliano ni Lei, "wewe" ya heshima, na amri ya Lei ni congiuntivo: venga, aspetti, guardi, firmi qui, mi dica, si accomodi. Ona, nasi tunalainisha hivyohivyo: "uje", "usubiri kidogo", "tafadhali uketi". Anza na hayo maneno sita kesho. Utakuwa unatumia congiuntivo kila siku kabla hujafungua sura yake kitabuni.

Sasa "se avrei tempo". Kosa hili lina mantiki, nalo limetoka kwenye Kiswahili chako safi. Tunasema "ningekuwa na wakati, ningekuja": -nge- upande huu, -nge- upande ule. Kiitaliano hugawa kazi. Baada ya se huja congiuntivo imperfetto, na condizionale hukaa upande wa matokeo tu: "se avessi tempo, verrei". Watoto wa Kiitaliano nao husema "se avrei", na walimu wao huwasahihisha. Kwa yaliyokwisha kupita, "laiti ningalijua, ningalikuja", mgawanyo ni uleule: "se avessi saputo, sarei venuta". Kwa sasa shika se avessi, se fossi na se potessi kama maneno matatu yaliyoshikana, usiyafungue.

Futuro na condizionale zijifunze pamoja kwa kuwa zina shina moja: parler-, avr-, andr-, potr-, verr-, vorr-. Mikia ya futuro, -ò, -ai, -à, -anno, ni ho, hai, ha, hanno za avere zilizoganda kwenye kitenzi tangu zamani. Kiswahili nacho kilifanya hivyo: -ta- yetu ni mabaki ya -taka, na bado unaiona nzima katika "atakayekuja". Hata matumizi yanafanana. Ukikisia saa husema "itakuwa saa mbili sasa", nao husema "saranno le otto". Na vorrei ni ningependa, kwa adabu ileile.

Ila chunga m mbili. Mgeni akikuandikia "verremo sabato" amesema tutakuja Jumamosi, weka chumba. Akiandika "verremmo sabato" amesema tungekuja, bado anasubiri jibu lako kuhusu bei au nafasi. Katika kutamka, kumbuka jinsi unavyosema "mmoja": m ya kwanza hukaa kidogo kabla ya ya pili. Ifanye hivyohivyo.

Passato remoto, itambue tu unaposoma: "Dante nacque a Firenze nel 1265 e morì a Ravenna nel 1321". Ni wakati wa historia na hadithi. Mgeni wa Sicilia unaweza kumsikia akiitumia hata kwa mambo ya jana, wa Milano ni nadra. Trapassato remoto iache kabisa kwa sasa.

Miezi minane inakutosha kwa B1 ukifanya kazi kila siku, hata dakika ishirini. Programu za simu ni nzuri kwa kurudiarudia, lakini usizitegemee zikusahihishe mkazo. Wageni ni mazoezi bora ya kusema, ila hawatakusahihisha, wamekuja kupumzika. Yule wa "se avrei" alikufanyia hisani. Kitabu chako kiweke mezani kwa kuhakiki. Kazi yenyewe ifanye hivi: chukua sentensi moja uliyoisema kazini leo, mathalani "mgeni anaondoka kesho", uipitishe kwa sauti katika nyakati nne au tano, parte, è partito, partiva, partirà, partirebbe, kisha ibadilishe iwe wageni: partono, sono partiti. Jirekodi kwa simu. Sikiliza mkia na mkazo tu.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayafiki. Ukijisikiliza kwa mwezi na bado husikii tofauti ya verremo na verremmo, au parLAno imekataa kutoka mdomoni, tafuta mwalimu wa ana kwa ana, kwa sababu mazoea ya miaka minne hayang'oki kwa kusoma. Vilevile kwa sehemu ya kuandika: mtu lazima asome barua zako na kuzitia wino. Taasisi ya Utamaduni ya Italia mjini Nairobi hufundisha lugha, waulize kuhusu madarasa na tarehe za mitihani. Amua mapema kama utafanya mtihani wa CILS wa chuo cha Siena, CELI wa chuo cha Perugia au PLIDA wa Jumuiya ya Dante Alighieri, kwa kuwa mpangilio wa maswali hutofautiana, na ufanye mazoezi ya mtihani huohuo. Siku ya kwanza ukienda kwa mwalimu, usimpelekee kitabu cha vitenzi. Mpelekee rekodi yako ya dakika tatu ukieleza siku moja kazini, na barua moja uliyomwandikia mgeni.